Barua ya skolashipu imefika: namna ya kujua chuo cha Marekani kitakulipa nini kwa kukimbia

Wazazi wanaokuja kwangu huniuliza swali moja hata kabla ya kuketi: "Mwalimu, huyu mtoto akienda kukimbia kwenye chuo cha Marekani, atalipwa?" Nami huomba kwanza nione barua. Mara nyingi iko kwenye simu ya kijana, imetumwa na kocha ambaye hawajawahi kuonana ana kwa ana, na nyumbani hakuna aliyeisoma kupita ule mstari wa hongera. Jibu la swali lao limo humo, kurasa za nyuma.

Nilikimbia mbio za nyika na mita 10,000 katika chuo kimoja cha majimbo ya kati ya Marekani, nikasomea uhasibu, nikarudi Elgeyo Marakwet. Siku hizi nafundisha hesabu sekondari, na Jumapili baada ya kanisa sebule yangu hugeuka ofisi. Haya ndiyo ninayowaambia wanaokuja na barua zao.

Elewa kwanza wanachogombania

Kwetu, mtu kulipwa kwa kukimbia hakujawahi kuwa mjadala. Kip Keino alikuwa polisi. Faith Kipyegon ni polisi. Jeshi na Magereza huajiri wanariadha, mshahara unaingia mwisho wa mwezi, na hakuna mzee hapa kijijini atakayekuambia kwamba mshahara umeharibu mbio. Kwa hiyo vijana wetu hushangaa wakisikia kwamba chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, NCAA, kilichoanzishwa mwaka 1906, kilishikilia kwa muda wote huo kwamba mwanafunzi akipewa hela za mchezo, mchezo umekwisha thamani. Waliosema hivyo walikuwa wakijaza uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, unaochukua watu zaidi ya 107,000, na kuwalipa makocha wa futiboli ya Kimarekani mamilioni ya dola kwa mwaka. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha. Gavana hamfikii.

Ukuta ulianza kubomoka mahakamani. Juni 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 9 kwa 0, katika kesi inayojulikana kwa jina la Alston, kwamba NCAA haiwezi kuvizuia vyuo kuwapa wanamichezo marupurupu yanayohusiana na masomo. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo wanamichezo wakaruhusiwa kulipwa na makampuni kwa kutumia majina na sura zao, kile ambacho kila mtu sasa anakiita NIL. Kisha tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken wa California akaidhinisha maafikiano ya kesi ya House: dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza tangu 2016, na kuanzia Julai 2025 chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, 2025-26.

Hapo ndipo baba wa kijana hunyanyuka kidogo kwenye kiti. Namsihi akae.

Msimamo wangu ni kwamba wanastahili kulipwa, na walistahili zamani. Lakini pesa hizo zina wenyewe. Mgao uliotajwa sana kwenye vyuo vikubwa ni karibu asilimia 75 kwa futiboli, 15 kwa mpira wa kikapu wa wanaume, 5 kwa mpira wa kikapu wa wanawake, na 5 kwa michezo mingine yote ikiwekwa pamoja. Asilimia 5 ya milioni 20.5 ni dola 1,025,000. Wagawie waogeleaji, wapiga besiboli, wacheza voliboli, wacheza sarakasi za mazoezi, halafu wakimbiaji, nao wote ni mamia. Vyuo vingi havijisumbui hata kugawa. Hiyo asilimia 5 humalizikia kwa nyota wachache wa besiboli au voliboli. Na hii ni kwa chuo tajiri kilichoamua kutoa kiwango chote. Kama barua yako imetoka chuo cha miaka miwili kama South Plains kule Texas, ambako Wakenya wengi wameanzia, mambo ya milioni 20.5 ni hadithi ya redioni.

Tena kuna ukweli ambao wakimbiaji hatupendi kuusema. Mbio za nyika haziuzi tiketi. Karo yangu, viatu vyangu, ndege ya kwenda mashindanoni, vyote vilitoka kwenye futiboli na mpira wa kikapu, yaani kwa vijana, wengi wao weusi, waliokuwa wakigongana vichwa Jumamosi bila kupata senti ya mauzo. Nilikula jasho lao. Sasa wanaanza kulipwa haki yao, na sehemu ya pesa itakayowalipa lazima itoke mahali fulani. Baadhi yake inatoka kwenye timu kama zetu. Ukienda, nenda ukijua hilo.

Soma barua na penseli mkononi

Ingia kwenye tovuti ya chuo utafute gharama ya mwaka mzima kwa mwanafunzi wa kigeni. Hesabu yao hujumlisha karo, ada ndogo ndogo, malazi, chakula, vitabu, bima ya afya, nauli na matumizi binafsi. Iandike juu ya karatasi. Chini yake andika kile barua inachosema watalipa. Toa.

Tuseme chuo kinataka dola 42,000 na barua inatoa 30,000. Pengo ni 12,000, na kwa dola moja kwa shilingi 129 hiyo ni shilingi 1,548,000. Kila mwaka. Barua itaiita ofa hiyo skolashipu, kocha ataiita ofa nzuri, na jirani ataanza kupanga harambee, lakini wewe ndiye utakayeulizwa na afisa wa ubalozi pale Gigiri nani anajaza pengo, maana fomu ya I-20, ile ambayo chuo hukupa ya kuombea viza, inaonyesha waziwazi. Kama familia haina, mwandikie kocha aongeze, au tafuta chuo kingine. Msiuze shamba kwa ajili ya pengo.

Kwa nini ofa nyingi za mbio huja nusu nusu? Zamani chuo cha divisheni ya kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa ya NCAA, kiliruhusiwa kutoa skolashipu 12.6 tu kwa timu nzima ya wanaume ya riadha na mbio za nyika, 18 kwa wanawake, na kocha akazikatakata ziwatoshe watu thelathini. Vyuo vilivyoingia kwenye maafikiano ya House havina tena kikomo hicho. Badala yake kuna kikomo cha idadi ya watu kwenye timu, 17 kwa mbio za nyika na 45 kwa riadha ya uwanjani. Kwenye karatasi kocha sasa anaweza kuwapa wote 45 skolashipu kamili. Kwenye mkoba, sivyo. Na pale ambapo kila nafasi inahesabiwa, kocha anataka mtu wa kupata pointi mwaka wa kwanza, ndiyo maana anamtafuta Mkenya wa miaka ishirini na kitu badala ya mtoto wa nyumbani aliyetoka sekondari. Una nguvu ya kuomba zaidi kuliko unavyodhani.

Sasa tafuta mambo haya kwenye barua, na kama hayamo, yaulize kwa maandishi.

Ni ya miaka mingapi? Barua nyingi ni za mwaka mmoja unaorudiwa. Tangu Agosti 2024 vyuo vya divisheni ya kwanza haviruhusiwi kupunguza au kufuta skolashipu kwa sababu umekimbia vibaya au umeumia. Vinaweza kuifuta ukishindwa masomo, ukivunja nidhamu, au ukiacha timu mwenyewe. Divisheni ya pili, NAIA (chama kingine cha michezo ya vyuo) na vyuo vya miaka miwili vina kanuni zao, kwa hiyo huko uliza zaidi.

Inalipa kiangazi? Bweni likifungwa Mei na skolashipu ikasimama, utakula nini hadi Agosti? Swali hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linalowatupa vijana wetu kwenye makochi ya Wakenya wenzao huko Dallas na Kansas City, wakiosha vyombo kwa siri. Omba masomo ya kiangazi yalipiwe pamoja na malazi.

Nikivunjika? Kanuni hizo hizo za 2024 zinataka chuo cha divisheni ya kwanza kigharamie matibabu ya majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya kuondoka. Muundi uliopata ufa si jambo dogo Marekani. Picha moja ya MRI inaweza kumeza akiba ya mwaka. Uliza pia kuhusu kurudi kumaliza shahada: kwa aliyekuwa na skolashipu kamili, chuo kinatakiwa kumsaidia kumaliza hadi miaka kumi baadaye. Aliyeacha masomo mwaka wa tatu ili akimbie kwa pesa akumbuke hilo.

Mjomba aliyekimbia miaka ya tisini atakuambia uhakikishe umetia sahihi ile barua ya nia ya kitaifa. Mheshimu, lakini mwambie ilifutwa Oktoba 2024. Siku hizi kinachofunga pande zote ni mkataba wa msaada wa fedha wa chuo chenyewe. Huo ndio utakaoutia sahihi, na nakala ibaki kwenu.

Pesa halali unazoweza kuzishika

Viza yako ni F-1. Imekuruhusu kusoma. Kazi unayoruhusiwa bila kibali kingine ni ya ndani ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zaidi wakati wa likizo. Maktaba, mkahawa wa wanafunzi, mapokezi ya jumba la mazoezi. Texas, Kansas, Iowa na Alabama kima cha chini ni dola 7.25 kwa saa, kwa hiyo saa 20 ni dola 145 kwa wiki kabla ya kodi. New Mexico ni dola 12 kwa saa, na hapo wiki inakupa 240. Usisahau kwamba kanuni za NCAA zinaruhusu hadi saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na lazima usome masomo ya mzigo kamili, angalau krediti 12 kwa muhula. Saa kumi za kazi zinatosha. Anayekuambia alifanya ishirini na bado akashinda ubingwa wa kanda, mwulize matokeo yake ya masomo.

Kuna pesa nyingine ambayo vijana wetu wengi hawaiombi kwa sababu hawajui ipo. Ni zile tuzo zilizotokana na kesi ya Alston: chuo kinaweza kumpa mwanamichezo hadi dola 5,980 kwa mwaka kwa kufanya vizuri darasani. Si kila chuo kinatoa, na kila kimoja kina masharti yake. Kwa kuwa inahesabiwa kama msaada wa masomo na wala si ujira, ndiyo inayomfaa zaidi mtu wa F-1, ila thibitisha na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Mwulize kocha moja kwa moja: "Chuo chenu kinatoa tuzo za Alston, na za kiasi gani?" Atashtuka kwamba mtoto wa Kapsowar anajua neno hilo. Ashtuke.

Na kuna mfuko wa NCAA wa kuwasaidia wanamichezo wa divisheni ya kwanza kwenye mahitaji na dharura. Koti la baridi, miwani, tiketi ya kuja kumzika mzazi: hayo yote huombwa hapo, kupitia ofisi ya michezo. Usione haya. Iowa mwezi wa Januari haijali kama wewe ni mtu mwenye staha.

NIL ukiwa na F-1

Hapa nenda polepole. Mwenzako Mmarekani akitangaza soksi kwenye Instagram na kulipwa, hana shida. Wewe ukifanya vivyo hivyo ukiwa bwenini, idara ya uhamiaji inaweza kusema umefanya kazi bila kibali, na adhabu yake ni kupoteza viza, si faini. Serikali ya Marekani haijatoa mwongozo ulionyooka juu ya jambo hili, hivyo vyuo vinatofautiana: kimoja kinawalipa wageni kwa kuita malipo hayo ada ya kutumia sura, kingine hakiwapi kitu hadi sheria ieleweke.

Aliyeonyesha njia ni mtoto wa Lubumbashi, Oscar Tshiebwe. Mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo vyote, akiichezea Kentucky, huku wenzake wa timu hiyo hiyo wakilipwa na makampuni na yeye amefungwa mikono na viza. Agosti mwaka huo timu ilikwenda Bahamas kwa mechi za maandalizi. Shughuli zake za NIL alizifanyia huko, nje ya ardhi ya Marekani.

Kwa mkimbiaji, Bahamas yako ni Iten. Duka la vifaa vya michezo la Eldoret likitaka picha yako, zipigwe ukiwa likizoni Kenya, mkataba uandikwe Kenya, pesa ziingie kwenye akaunti ya Kenya, na usianze kulirushia matangazo ukisharudi chuoni. Hata hivyo chuo lazima kiambiwe: mikataba ya watu wa nje inayofika dola 600 hupitishwa kwenye mfumo unaoitwa NIL Go ikaguliwe. Kabla ya kutia sahihi, pata neno la maandishi kutoka ofisi mbili, ile ya kanuni za michezo na ile ya wanafunzi wa kimataifa. Ofisi ya kwanza inajua NCAA, haijui uhamiaji. Kama mkataba ni mnono, mlipe mwanasheria wa uhamiaji saa moja ya ushauri.

Zile mbio za mtaani za Novemba zenye bahasha kwa mshindi? Usiguse bahasha mpaka ofisi hizo mbili zimekujibu. Vivyo hivyo kwa zawadi za mbio za barabarani unazokimbia hapa nyumbani kabla ya kusafiri: kanuni zake hubadilika, na mwaka unaokimbia bila kuwa chuoni unaweza kukatwa kwenye misimu yako. Orodhesha kila mbio uliyokimbia tangu KCSE na kila shilingi uliyopokea, umtumie kocha mapema. Wakigundua wao kwanza, utakaa nje.

Kodi, kwa ufupi

Sehemu ya skolashipu inayolipia karo, ada na vitabu haitozwi kodi. Inayolipia malazi na chakula inatozwa, na kwa mwenye F-1 chuo hukata asilimia 14. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepusha kodi mara mbili, kwa hiyo msamaha anaopata mwenzako kutoka nchi nyingine usiutarajie. Kila mwaka jaza fomu 8843, hata kama hukupata senti, na 1040-NR kama ulipata. Vyuo vingi hutoa programu ya bure ya kujazia. Usimpe rafiki akujazie kwa ile fomu ya raia.

Wakala

Watu wa Uasin Gishu hawahitaji kuelezwa na mimi habari za fedha za masomo ya ng'ambo zilizotoweka. Nitasema tu kile ambacho kanuni za NCAA zinasema: unaweza kumlipa mtu ada ya kudumu kwa kazi ya kukutafutia mawasiliano, lakini ada yake isitegemee kama umepata skolashipu au ni ya kiasi gani. Anayetaka asilimia kumi ya skolashipu yako anakuharibia sifa ya kushiriki kabla hujapanda ndege. Makocha wa Marekani wana baruapepe kwenye tovuti za vyuo vyao. Andika jina, mwaka wa kuzaliwa, alama za KCSE, muda wako bora na tarehe uliyoupata, na video ya dakika moja. Ni bure.

Kama unajiuliza ubaki au uende

Wengine watakuambia Polisi wanalipa sasa hivi na chuo kinalipa kwa ahadi. Ni kweli kwa kiasi. Mbio zilizowapitisha Wakenya na Watanzania vyuoni zimewahi kulipa vizuri sana, lakini baadaye. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, wakati kanuni za riadha zilikataza zawadi ya fedha. Suleiman Nyambui alitawala mashindano ya vyuo akiwa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, akaichukulia Tanzania medali ya fedha Moscow 1980. Emmanuel Korir alikaa El Paso muda mfupi, akaenda kulipwa mwaka 2017, akawa bingwa wa Olimpiki wa mita 800 kule Tokyo. Sharon Lokedi alikaa Kansas hadi mwisho, na Aprili 2025 akashinda Boston kwa saa 2:17:22, rekodi ya njia ile, ambako mshindi hupata dola 150,000 na mvunja rekodi 50,000 zaidi.

Kama una muda wa kimataifa leo na kampuni ya viatu iko mlangoni, nisikudanganye, kaa na mzazi na mwanasheria muisome ofa ya kampuni kwa penseli ile ile. Kama muda wako ni mzuri lakini si wa kutisha, na hiyo ni hali ya wengi wetu, shahada isiyo na deni ni mshahara mkubwa kuliko utakaoupata kambini. Iwe isiyo na deni tu.

Maswali ya kumtumia kocha ni haya, yote kwenye baruapepe moja: gharama kamili ya mwaka na kiasi mnachotoa, miaka mingapi, kiangazi, matibabu baada ya kuondoka, tuzo za Alston, nafasi yangu kwenye orodha ya timu, na nani wa kuzungumza naye kuhusu viza na NIL. Akikupigia simu kujibu, msikilize kwa adabu, umshukuru, halafu umwombe aandike. Asipoandika ndani ya wiki mbili, mtumie kocha wa chuo kinachofuata kwenye orodha yako maswali hayo hayo.